Mnoaji wa Kunguru

Rula ilikaa upande, na hakuna aliyehitaji miwani kuliona hilo. Bwana Prewitt, meneja mpya wa Kunguru, timu ya hoki ya barafu ya mji wa Corbeau, alikuwa ameilaza juu ya chuma cha kiatu cha barafu cha Dagenais, beki ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameanguka mara tatu mazoezini bila kuguswa na mtu. Sasa alikiinua kiatu juu ili timu nzima ione jinsi makali ya upande mmoja yalivyoyazidi ya upande wa pili.

"Mzee Arvo, una miaka mingapi unanoa viatu hapa?"

"Thelathini na moja."

"Na hii tuiiteje?"

Arvo Lahtela alijibu kwamba jiwe la mashine limechakaa. Wachezaji wakainamia kamba za viatu vyao.

"Basi nisikilize," Prewitt alisema, wala hakushusha sauti. "Kuna mashine inayonoa yenyewe. Unabonyeza kitufe, unakwenda kunywa kahawa, ukirudi kiatu kiko tayari. Nimeshaiagiza kwa ajili ya msimu ujao. Lakini nikiona kiatu kingine cha namna hii, itaanza kazi msimu huu huu, na wewe utakwenda kupumzika. Tumeelewana, mzee wangu?"

"Tumeelewana, bosi."

Lorette, mke wa Arvo, aliyaona yote hayo akiwa amesimama mlangoni na chupa ya supu ya njegere mkononi. Inauma kumsikia mumeo wa miaka sitini na mbili akimwita bosi mtu aliyekuwa bado ananyonya mwaka yeye alipoanza kazi. Aliiweka supu juu ya benchi akaondoka bila kuaga. Njiani hakuwa akiyawaza maneno ya Prewitt. Alikuwa akiliwaza jiwe. Jiwe la mashine lilikuwa jipya kabisa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kulichukua posta wiki iliyopita.

Arvo aliporudi nyumbani alasiri alimkuta mezani, na mbele ya kiti chake kuna kikombe cha chai kilichojaa pomoni.

"Kunywa chai, Arvo."

"Sina kiu."

"Kunywa tu."

Alikitazama kile kikombe kwa muda. Kisha akautoa mkono wa kulia mfukoni, mkono ambao tangu Krismasi ulikuwa haubanduki humo, akakishika. Chai ilimwagikia kitambaa cha meza, ikamwagikia sahani ya siagi, na nusu kikombe ikawa imekwisha kabla hakijafika mdomoni.

"Tangu lini?" Lorette aliuliza.

"Oktoba. Kilianza kidole gumba. Siku ile niliyokwambia nakwenda kununua matairi ya theluji, nilikwenda kwa daktari. Ugonjwa una jina lake. Dawa zipo, za kutuliza. Za kuponya hakuna."

"Na mimi ulitaka niambiwe na nani? Prewitt?"

"Nilitaka nimalize msimu. Huu mmoja tu. Miaka thelathini na moja, Lorette, Kunguru hawajachukua kombe na mimi sijaligusa hata kwa kuazima. Nikitoka leo nimetoka kwa kiatu cha Dagenais. Ndicho watakachonikumbukia mji mzima."

Akalia, mtu mzima, mbele ya siagi iliyoloa chai. Lorette alimwonea huruma, lakini alimkasirikia zaidi, maana miezi mitatu ya kufichwa si kitu kidogo kwa mtu mliyelala kitanda kimoja miaka thelathini na minne. Akafuta meza. Akakamua kitambaa. Kisha akasema, "Viatu vyao vilete hapa."

"Unasema nini?"

"Mashine ya karakana yetu na ile ya uwanjani ni pacha, ulizinunua siku moja. Na mimi nimenoa viatu vya watoto wa Corbeau miaka kumi na tisa. Nani alishanirudishia?"

"Hivyo ni vya watoto. Hawa ni watu wanaolipwa mshahara."

"Chuma kinajua mshahara?"

Arvo akatafuta jibu, akaambulia moja tu. "Wewe mwenyewe hata kusimama kwenye barafu hujui."

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa aibu yake ya siku nyingi. Kwao walizaliwa wasichana watano na wavulana wanne, viatu vya barafu jozi mbili, na zote mbili zilikuwa za wavulana. Katika mji ambamo mtoto huteleza kabla ya kujua kuhesabu, Lorette alifika miaka hamsini na tisa bila kuikanyaga barafu ya uwanja hata siku moja.

"Muunda jeneza naye huwa amelala ndani yake kwanza?" alisema. "Lete viatu."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

*

Basi kila siku baada ya mazoezi Arvo alipakia garini jozi ishirini na mbili, akisingizia kwamba mashine ya uwanjani inangoja kipuri. Lorette alivaa aproni, akafunga nywele, akanoa. Kila mchezaji na mapenzi yake. Katikati ya chuma cha kiatu huchimbwa mfereji mwembamba, na huo ndio unaozaa makali mawili, kushoto na kulia. Mfereji wa kina hung'ang'ania barafu. Wa juujuu humwachia mtu ateleze. Mawinga wadogo wenye kukata kona hupenda wa kina. Makipa hupewa wa juujuu, kwa kuwa kazi yao ni kusogea upande kwa upande golini, na ndivyo walivyopewa tangu enzi za babu zao. Yote hayo Arvo alikuwa ameyaandika kwa penseli kwenye ukuta wa karakana, jina kwa jina, na kabla ya kubadilisha mtu ilibidi kwanza jiwe lichongwe upya kwa ncha ya almasi ili lipate umbo la mtu huyo.

Lakini kiatu hakikutoka karakana kabla Arvo hajapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya makali. Makali mazuri huukwangua ukucha na kuacha unga mweupe. Mkono ulitetemeka, ila ukucha haukudanganyika.

"Kushoto umezidisha."

"Sijazidisha."

"Unywele mmoja."

Lorette alikirudisha kiatu kwenye jiwe huku akinung'unika, na kweli makali yalikuwa yamezidi unywele mmoja.

Kunguru walikuwa wa sita katika ligi ya timu nane. Februari ilipokwisha walikuwa wameshinda mechi tisa mfululizo. Machi ilipofika katikati, kumi na tatu. Hatusemi ni viatu peke yake. Kulikuwa na kocha, na kulikuwa na mabao ya Danyluk, nahodha. Lakini Dagenais hakuanguka tena, na hilo kila mtu aliliona.

Na timu ya hoki ikishaanza kushinda, sheria huwa moja tu: hakibadilishwi kitu. Ndevu hazinyolewi. Neno kombe halitamkwi. Danyluk alivaa soksi zilezile mpaka mkewe akazihamishia kibarazani. Kipa Ludovic Sarrazin, mtu mwenye miiko kuliko mganga, alikuja uwanjani kwa mtaa uleule, na siku ulipofungwa kwa theluji aliliacha gari akaupita kwa miguu, theluji ikimfika magotini. Hata mashine ya Prewitt, iliyofika mapema, ilikaa pembeni mwa chumba cha wachezaji ndani ya plastiki yake, na hakuna aliyethubutu kuifungua.

"Na wakijua?" Lorette aliuliza siku moja, akiupangusa uso.

"Wakijua tumekwisha. Ludovic hamruhusu hata mke wake akiguse kiatu chake. Watasema bahati imeingiwa na mkono wa mtu."

Dukani, kwenye foleni ya nyama, jirani mmoja alimgeukia Lorette. "Mumeo bado yupo pale? Nilisikia wanaleta mashine."

"Bado yupo," Lorette alijibu.

"Maskini. Si angepumzika tu."

Lorette alilipia soseji zake akatoka, shingo ikimwaka moto.

*

Mtoano ulianza, Kunguru wakapita raundi ya kwanza, wakafika mechi ya mwisho ya nusu fainali, mshindi anasonga na mshindwa anakwenda nyumbani. Saa tano asubuhi ya siku hiyo Lorette alikuwa karakana, amemaliza viatu vya winga mfupi kuliko wote, mara akasikia mlango wa mbele ukigongwa. Alizima mashine akasogea kwenye ukuta wa jikoni.

"Nani huyo aliyekuwa ananoa?" Ilikuwa sauti ya Prewitt.

"Mke wangu," Arvo alijibu upesi. "Vya watoto."

Prewitt akacheka. "Safi sana. Ila mwambie asije akachanganya akawagusia na wakubwa. Leo si siku ya mapishi." Kisha karatasi ikachakarika. "Barua hii nimeona nikuletee kwa mkono wangu, kwa heshima. Ni ya kumaliza kazi, msimu ukiisha tu. Usione vibaya, mzee wangu. Tutakuaga vizuri mbele ya mashabiki. Kutakuwa na keki."

"Asante, bosi," Arvo alisema.

Lorette alirudi kwenye mashine haoni mbele kwa hasira. Keki. Mtu amekupa miaka thelathini na moja, wewe unampa keki. Akanyakua jozi ya mwisho iliyobaki, kubwa na pana, akaiminya kwenye kishikio, akainoa kwa nguvu zake zote akimtukana Prewitt kimoyomoyo kwa Kifaransa cha mama yake. Arvo alipoingia, barua imetokeza mfukoni, hakupitisha ukucha kwa kiatu hata kimoja. Alivitia vyote kwenye mifuko akapakia, akaondoka bila kumtazama mkewe usoni.

Saa nane, akifagia karakana, Lorette aliichukua ile almasi ili alisafishe jiwe. Akaona umbo la jiwe. Lilikuwa bado la winga mfupi. Akasoma ukutani nani alimfuata winga mfupi.

Alikuwa amempa kipa mfereji wa kina. Ludovic Sarrazin, katika mechi ya kufa na kupona, angejaribu kuteleza na miguu ingegandia barafu.

Alipiga simu. Ikalia pale pale mezani, Arvo alikuwa ameisahau. Akaliwasha gari lake, akaenda uwanjani, akajaribu mlango wa wachezaji.

"Siku ya mechi hapiti mtu, mama," mlinzi alimwambia. "Hata mke wangu simpitishi."

"Nina shida na mume wangu."

"Nani hana?"

Ikabidi akate tiketi, akapanda hadi safu ya kumi na mbili, akakaa huku ameushika mkoba kwa mikono miwili.

Dakika ya tatu Ludovic alijisukuma kwenda kulia, mguu ukakwama, akaanguka kifudifudi. Kile kisahani cheusi wanachokigombania watu kumi kikapita taratibu na kuingia golini. Dakika ya saba akaanguka tena, la pili likaingia. Ludovic alikitazama kiatu chake, kisha akatazama benchi alikokuwa amesimama Arvo, na Lorette alitamani ardhi ipasuke.

Lakini kipa huyo hakuwa wa jana. Aliacha kuteleza akaanza kusukuma. Alichimba makali kwenye barafu kama mtu anayepanda ngazi, akajirusha kutoka mlingoti hadi mlingoti, na mara akawa anafika mahali ambapo miaka yote alikuwa akichelewa. Akazuia moja, akazuia nyingine. Kipindi cha pili watu walianza kusimama. Cha tatu hakuna aliyekaa. Kunguru walirudisha mawili, Danyluk akaongeza la tatu, na kipa akazuia mara thelathini na nane.

Lorette aliwangoja kwenye maegesho. Ludovic alitoka amemkumbatia Arvo begani, ndevu zimejaa barafu.

"Mama Lorette, mumeo ni mchawi," alisema. "Mwanzoni nilitaka nimuue. Sasa mlinde mkono huu usipigwe hata na upepo." Akauinua mkono wa Arvo, ukitetemeka, akaubusu. "Ona anavyotetemeka kwa furaha. Mzee, hayo makali ya leo usiyabadilishe hata chembe."

"Hata chembe," Arvo alisema.

Lorette ndiye aliyeendesha. Kwenye taa za pili za barabarani Arvo alimgeukia.

"Mke wangu, nimemfanyia nini Ludovic?"

Akamweleza. Jiwe, winga mfupi, keki, yote. Arvo aligeukia dirisha, na Lorette akajua kuwa limemuuma. Kisha mabega yakaanza kumcheza.

"Miaka thelathini na moja," alisema, "nawapa makipa makali ya juujuu kwa sababu aliyenifundisha alifundishwa hivyo. Sikuwahi kujaribu. Hata siku moja." Akacheka mpaka machozi, na machozi yalipokuja hayakuwa ya kicheko pekee. "Na ule mkono alioubusu ni wako, unajua?"

"Nimeuona wako ukibusiwa," Lorette alisema. "Haidhuru."

*

Fainali ilifika mechi ya saba, Corbeau, watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Mpaka dakika mbili kabla ya mapumziko ya pili ilikuwa mbili kwa mbili. Ndipo Ludovic alipojirusha kuokoa, kiatu chake cha kulia kikagonga chuma cha mlingoti, na sauti yake ikafika hadi safu ya kumi na mbili. Lorette aliijua sauti ile. Makali yalikuwa yameng'oka. Kipa alizimaliza zile dakika mbili kwa mguu mmoja na kwa maombi ya mji mzima.

Mapumziko yakaanza. Dakika kumi na nane. Lorette alijua kinachomngoja Arvo kule chini: mashine ya zamani, kiatu kilichopasuka makali, na macho ya wachezaji ishirini na wawili yakiutazama mkono wake. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Mara vipaza sauti vikakoroma.

"Bibi Lorette Lahtela anaombwa afike chumba cha wachezaji. Bibi Lorette Lahtela, haraka."

Uwanja mzima ukageuka. Alichofikiria yeye ni kwamba Arvo ameanguka. Alizishuka ngazi huku akisukuma watu, na mlinzi wa mlangoni safari hii alimshikia mlango.

Arvo alikuwa amesimama katikati ya chumba, mzima, mikono yote miwili nje ya mifuko, wa kulia ukicheza waziwazi.

"Nimewaambia," Arvo alimwambia mkewe. "Nimewaambia kwamba tangu Januari sijanoa kiatu hata kimoja. Ni wewe."

Prewitt alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Miezi mitatu mnanifanya mjinga? Mali ya timu inapelekwa kwenye karakana ya mama wa nyumbani? Haya, ng'oeni hiyo plastiki. Washeni mashine mpya, huu mchezo umekwisha."

Mmoja wa wasaidizi akaishika plastiki.

"Iache," Danyluk alisema. Alikuwa amekaa, soksi zake za miezi miwili zikinuka, ndevu kifuani. Hakupandisha sauti. "Mama, vyangu nani alivinoa tangu Januari?"

"Mimi."

"Na vya Dagenais?"

"Mimi."

Ludovic alisimama, kiatu kilichovunjika mkononi. Kwa urefu wake alikuwa amemwinamia Lorette kabisa. "Na siku ya nusu fainali?"

Lorette angeweza kunyamaza. "Mimi. Na nilikosea," alisema. "Nilisahau kubadilisha jiwe. Ulikuwa umepewa makali ya winga."

Kipa alimtazama muda wa kutosha kumfanya mtu aanze kusali. Halafu akamgeukia meneja wake.

"Bosi, kwenye mbio kama hizi hatubadilishi hata soksi. Wewe unataka tubadilishe mnoaji?" Akakiweka kiatu mikononi mwa Lorette. "Mama, nikosee tena vilevile."

Chumba kikaangua kicheko, mabeki wenye meno na wasio na meno, na Prewitt akabaki ameshika pembe ya plastiki.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja. Lorette hakuwa na aproni. Alijifunga taulo ya mtu. Alichonga jiwe kwa almasi, cheche zikaruka. Makali yalikuwa yamemeguka pabaya, na ilibidi chuma chote kishushwe kidogo kidogo, kwa kupitisha mara moja, mbili, kumi, kwa uzito uleule wa mkono, la sivyo kiatu kingepinda. Timu nzima ilikuwa nyuma yake imejipanga, akahisi pumzi zao shingoni. Mkono wake haukucheza. Alipoinua kiatu, Arvo alikuwa tayari amekwisha kunyoosha kidole gumba.

Ukucha ukapita, ukitetemeka.

"Kulia bado."

"Kiasi gani?"

"Unywele mmoja."

Akapitisha tena, polepole. Ukucha ukapita tena, na unga mweupe ukadondoka pande zote mbili sawasawa. Arvo akatikisa kichwa kukubali. Ludovic alikivaa kiatu kengele ikilia.

Lorette hakurudi safu ya kumi na mbili. Arvo alimsimamisha kando yake mlangoni mwa benchi, mahali ambapo Prewitt alikuwa hajawahi kumkaribisha mtu, na Prewitt akasogea kuwapisha. Kutoka hapo aliona kwa mara ya kwanza jinsi barafu ilivyo karibu, na jinsi vyuma vyake vinavyolia vikikata kona. Dakika ya kumi na sita Dagenais, yule yule Dagenais wa rula, alizunguka nyuma ya goli la wageni, akakata ndani kwa mguu mmoja ulioinama mpaka karibu alale, hakuanguka, akapiga. Tatu kwa mbili.

Zikabaki dakika nne, zikabaki mbili, zikabaki sekunde. Wageni wote wakaja mbele. Kisahani kikapigwa kutoka kushoto, Ludovic akakizuia. Kikarudi kulia, kwa mtu aliyekuwa peke yake na goli tupu mbele yake. Lorette alimwona kipa akichimba mguu wa kulia, mguu ule. Akauona ukishika. Ludovic akaruka kutoka mlingoti hadi mlingoti, kisahani kikajaa kwenye glavu yake, naye akakilalia mpaka honi ilipolia.

Kelele ile hata wazee wa Corbeau hawakuwahi kuisikia. Kofia zilitupwa barafuni. Wanaume wazima walikuwa wakilia hadharani, na jirani wa foleni ya nyama alikuwa akimkumbatia polisi.

Kombe likaletwa. Nahodha hulishika wa kwanza, halafu yeye ndiye anayechagua wa pili, na huko kwao mtu anakumbuka ni nani alipewa wa pili kuliko anavyokumbuka mabao. Danyluk alilizungusha kichwani mara moja. Kisha akateleza moja kwa moja hadi mlango wa benchi, akampa Arvo.

Arvo alilipokea. Mikono ikacheza, kombe likacheza nalo, na watu elfu nne wakaliona likitetemeka kwenye mataa. Hakuuficha mkono. Lorette akashika sikio la pili la kombe, likatulia.

"Sasa njooni ndani," Ludovic alisema, akimnyooshea mkono. "Kombe halishangiliwi mlangoni."

"Mimi barafu siiwezi," Lorette alimwambia kwa sauti ya chini, kwa aibu. "Sijawahi kuikanyaga."

Kipa akamwangalia, asiamini. Kisha akamshika kiwiko kimoja, Danyluk akashika kingine, Arvo akatangulia na kombe kifuani, wakamtembeza na buti zake za mpira, hatua fupifupi, hadi katikati ya uwanja, na watu wakiliimba jina lake.

Prewitt aliwafuata kwa viatu vyake vya ngozi, akijishika ukutani. "Mama Lahtela," alisema, "ile barua ya mzee tuisahau. Njooni nyote wawili ofisini Jumatatu, tuzungumze."

"Jumatatu nina viatu vya watoto," Lorette alimjibu. "Njoo wewe, Jumanne. Uje na keki."

Kisha akawaomba wale wawili wamwachie. Akapiga magoti polepole, akavua glavu, akaweka kiganja juu ya barafu. Ilikuwa imechorwa mistari kila upande, mirefu, mifupi, ya kona, ya kusimama ghafla, na pale alipoigusa alihisi kila mmoja una kingo mbili, kushoto na kulia, zimelingana.

Arvo aliinama karibu naye, kombe bado kifuani.

"Yakoje?" aliuliza.

Lorette alipitisha ukucha wake juu ya mstari mmoja, taratibu, mpaka mwisho wake.

"Yamekaa sawa," alisema.